Aliyechora Barracuda hakuwa kilaza

Haya wadau, hili limenichosha, leo nalitoa. Kila tukianza stori za ndege za Waingereza za kurusha topido kwenye vita kuu ya pili, lazima atokee mshikaji aseme Fairey Barracuda ilikuwa takataka na walioichora walikuwa vilaza. Vilaza? Subiri kwanza.

Barracuda ilichorwa kwa ajili ya injini ya Rolls-Royce iitwayo Exe. Exe ikatupwa, wenyewe wakakazania Merlin. Basi ndege ikaruka Desemba 1940 na Merlin 30, nguvu za farasi 1,260 hivi, huku imebebeshwa watu watatu na topido. Na mwaka huohuo serikali ilitaka Spitfire na Hurricane kwanza, hii ikasubirishwa. Sasa kilaza ni nani, mchoraji au waliomwachia pengo la injini? Ilipopewa Merlin 32 ya farasi 1,640 ikaanza angalau kupumua. Toleo la Griffon, Mk V, likaja vita inaisha, zikaundwa chache tu. (Sisemi ilikuwa nzuri. Ile sura hata mimi inanitisha.)

Na msinitajie Supermarine 322. Ndiyo, bawa lake liliweza kuinuliwa ili itue polepole, utamu mtupu. Lakini iliruka 1943, Barracuda zishaingia kazini, na ziliundwa mbili tu. Ndege ambayo haijawahi kupigwa risasi ni rahisi sana kuisifia!

Inayoniuma zaidi ni Bristol Beaufort. Injini yake ya Taurus ilikuwa msumbufu, na ile Beaufort ya Merlin iliishia kwenye makaratasi. Waaustralia hawakutaka shida, wakafunga Twin Wasp ya Marekani wakaunda 700. Ndege ileile jamani, mchoro uleule.

Mnaona ni stori za injini tu? Tarehe 12 Februari 1942, Barracuda ikiwa bado haijafika kazini, Swordfish sita, ndege za mabawa mawili na rubani amekaa wazi kwenye upepo, zilitumwa kuzizuia manowari za Kijerumani zikipita kati ya Uingereza na Ufaransa. Zote sita zilidunguliwa. Kati ya watu 18 walipona watano.

Anayetaka kubisha aje, ila aanzie kwa hao 13, sio kwa mchoraji.