MALI BILA DAFTARI

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi wakaazi wa Airport, huku Changamwe, tunalala na kuamka na ngurumo za ndege. Ami yangu hupakia mizigo pale uwanja wa Moi. Siku moja nilimwuliza kwa nini abiria wahesabiwe hapa ilhali watahesabiwa tena Nairobi. Alicheka. "Mwanangu, wakishuka hamsini kule na hujui walipanda wangapi, utajuaje kama kuna aliyepotea?"

Jawabu hilo lilinifumbua macho kuhusu nyutrino, chembe ndogo mno zipenyazo ardhi kana kwamba haipo. Huko Japani, jaribio la T2K hurusha nyutrino kutoka Tokai hadi Kamioka, kilomita 295, ili kuona zinavyogeuka aina njiani. Kwanza protoni hugonga fimbo ya grafiti ya sentimita 90. Hapo huruka chembe ziitwazo hadroni, kama vile payoni na kaoni, nazo zikivunjika huzaa nyutrino.

Tatizo ni kwamba hakuna hesabu ya karatasini iwezayo kutabiri sawasawa hadroni ngapi zitatoka. Basi sharti zipimwe! Kazi hiyo hufanywa na jaribio la NA61/SHINE huko CERN, karibu na Geneva. Lilianza kuipimia T2K mwaka 2007, kisha likatumia fimbo iliyo mfano wa ile ya Japani. Shaka kuhusu wingi wa nyutrino ikashuka kutoka kama asilimia 10 hadi karibu 5.

Wapo wasemao ati hiyo ni kazi ya karani, sifa ni ya mgunduzi. Mimi nakataa katakata. Bila karani, mgunduzi atagundua nini?

Wala sijitoi lawamani. Muhula uliopita tulipima mvutano wa ardhi kwa jiwe lililofungwa uzi. Jiwe likakataa kutupa 9.8. Nikapika majibu, nikapata alama zote. Jirani yangu mezani aliandika alichokiona, 9.3, akapata chache. Siku hiyo nilimcheka. Leo naona haya. Yeye alipima, mimi nilinakili kitabu.

Walimu wetu wapendwa, twawaomba mtuze pia kipimo cha kweli, hata kikiwa kombo, maadamu mwanafunzi aeleza kilichokipinda. Nasi wanafunzi, jamani, tuache upishi maabarani. Jikoni kuna wapishi wa kutosha.