Tumwache Kanga Alee Wanawe

Bwana Mhariri,

Katika mkutano wetu uliopita mwanachama mmoja alisimama akasema kwamba kanga wamezidi mashambani, wanafukua vitalu vya miche ya mikarafuu, na kwamba kila mwenye shamba atege mitego mpaka waishe. Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, na jamaa mmoja nyuma yangu akauliza nani ataleta nazi ya mchuzi. Mimi siku ile nilinyamaza. Sikupata moyo wa kusimulia mbele ya watu mambo niliyoyaona nyuma ya jiko langu. Leo nayaandika, na nitashukuru ukinipa nafasi.

Sisi watu wa visiwani tukitaja ndege wa kutazamwa, fikira zetu huenda kwa tausi. Wageni huvuka mpaka Changuu kuwaona makobe wakubwa ambao asili yao ililetwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, na huko huko huwakuta tausi wakijitembeza kama wenye mji. Mwaka 2020 Rais Magufuli alipowapa marais wastaafu tausi, nchi nzima ilizungumza. Sina ugomvi na tausi. Ila kanga ni jamaa yake, tunaye bure, na vazi wanalojifunga wake zetu linasemwa kuwa lilipata jina kutokana na madoa yake. Nasi bado twamtazama kwa jicho la sufuria tu.

Nyuma ya nyumba yangu pana uwanja mdogo, kisha migomba, kisha mikarafuu. Mvua za masika zilipoanza kupungua mwaka huu, asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye kibao nasubiri chai, nikawaona kanga wawili wakitoka migombani, na nyuma yao nyasi zinatikisika. Nikakaza macho. Ni vifaranga, kumi na mmoja, rangi ya majani makavu yenye mistari. Wakisimama kimya huwaoni hata ukiwa hatua tano.

Tangu siku hiyo nikawa mtu wa kuamka mapema. Mke wangu alidhani nina maradhi.

Kanga jike na dume wamefanana mno, lakini ukisikiliza utawajua: jike hulia mlio wa vipande viwili, akirudia rudia, na dume hana mlio ule. Kilichonishangaza ni huyo dume. Jogoo wangu hajui hata idadi ya watoto wake, lakini huyu alishinda na wanawe mchana kutwa. Jike akifukua, yeye husimama juu ya kisiki na kuzungusha kichwa. Siku moja kivuli cha mwewe kilipita uwanjani, akatoa mlio mkali, na kabla sijainua macho hapakuwa na kifaranga hata mmoja; wote wamelala chini ya majani kama mawe. Walikaa hivyo mpaka chai yangu ikapoa.

Na wanakula nini? Hili nataka wanachama wenzangu walisikie vizuri. Pembeni ya uwanja lipo gogo la mkarafuu uliokufa, limejaa mchwa. Jike huligeuza gome kwa mdomo, wanawe wakavamia. Jioni moja baada ya mvua kumbikumbi walitoka ardhini, na familia ile ilikula mpaka giza likaingia. Sasa nani kati yetu hajapanda mche mzuri, akaumwagilia, akarudi baada ya mwezi akauvuta ukamjia mkononi, mizizi imekwisha kuliwa na mchwa? Sisemi kanga atatumalizia mchwa. Nasema yule tunayetaka kumtegea anakula adui yetu kila siku, na hadai ujira.

Ni kweli pia kwamba hufukua vitalu. Hata mimi walinifukulia miche kama ishirini, nikaudhika sana. Nikazungushia kitalu makuti, kazi ya nusu siku, na hawakurudi tena. Kama makuti nusu siku yatosha, mtego wa nini?

Basi nije kwenye jambo lililonifanya ninyamaze mkutanini. Vifaranga wale kumi na mmoja hawakubaki kumi na mmoja. Kunguru alichukua mmoja mbele ya macho yangu, na baada ya usiku wa mvua kubwa nilihesabu wanane tu. Hayo ni ya Mungu. Lakini uchumaji ulikuwa unakaribia, na kama ilivyo desturi yetu nilitaka chini ya mikarafuu pawe peupe, karafuu zikianguka zionekane. Nikaweka vibarua wafyeke, nikawaambia wakusanye magugu na kuyatia moto jioni ile ile, kwa kuwa nilitaka kazi iishe wasinidai siku nyingine. Amri ilikuwa yangu.

Sikukumbuka kitu ambacho nilikuwa nakiona kila siku. Kifaranga wa kanga katika wiki zake za mwanzo hawezi kuruka mtini. Wakubwa hulala juu, lakini jike mwenye watoto wachanga hulala nao chini, amewafunika kwa mbawa, na hapo alipolala ndipo penye magugu mengi. Moto ulipita. Asubuhi alikuja jike na vifaranga watatu. Dume sikumwona tena. Sikukuta mizoga, huenda wengine walitawanyika na kupotea njia, sijui. Najua tu nilikaa pale kwenye kibao na jike akawa analia ule mlio wake wa vipande viwili mpaka jua likawa kali.

Nimekwisha kufanya mabaya zaidi kwao nilipokuwa kijana. Niliwahi kukuta kiota chini ya mkarafuu, mayai zaidi ya ishirini, nikayabeba yote kwa pakacha nikamlaza kuku wangu. Sikujua kwamba majike wawili au zaidi huweza kutaga kiota kimoja, na kwamba nimewanyang'anya wote kwa mara moja. Walioanguliwa wengi walikufa kwa umande, na waliokua walirukia mwembe wa jirani wakenda zao. Faida yangu ikawa ni kumchosha kuku.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Magugu yafyekwe, hakuna anayebisha, lakini yasichomwe. Yaachwe yaoze chini ya miti, udongo utafaidika. Kazi ianzie upande mmoja wa shamba kwenda wa pili, siyo kuzunguka kutoka pembeni kuingia kati, ili aliyejificha apate pa kutokea. Mpakani kiachwe kichaka upana wa hatua chache mpaka uchumaji uanze. Na watoto wakileta mayai ya kanga mlangoni tusiwape hata senti moja, maana tukinunua mara moja watafute shughuli gani nyingine?

Nasikia hoja ya mitego itarudishwa katika mkutano ujao. Nami safari hii nitasimama. Wale vifaranga watatu wamekwisha kuota mbawa na jana magharibi walipanda mwembeni na mama yao. Mwanachama yeyote mwenye shaka aje kwangu kabla ya jua kutoka, kibao cha pili kipo, na chai ipo.

Mwanachama wa Pemba