Daftari la Nyimbo

Mzazi mmoja alinieleza kliniki kwamba amechoma daftari la mwanawe. Kosa lake? Kutwa anasikiliza muziki wa sinema na kuandika do-re-mi zake. Iliniuma.

Sinema ya "Hatari!", iliyotoka mwaka 1962, ilipigwa huku kwetu kaskazini. Mtunzi Henry Mancini, Mmarekani, alipoona picha ya watoto watatu wa tembo wakimfuata msichana kwenda kuoga, aliutungia mwendo wao muziki wa klarineti ndogo. Dunia ikaupenda. Nasi wa Karatu tembo tunawafukuza mashambani kwa madebe!

Kijana anunuliwe daftari jingine. Mwalimu wa kwaya amwachie kinanda jioni moja kwa juma, na mama aende kusikiliza. Ila saa nne usiku alale.