Bei ya Motokaa na Bei ya Kuwa Nayo

Nataka kunena habari ya jambo ambalo hunenwa katika ofisi zetu kwa sauti ya chini kila mara mikopo ya chama cha kuweka na kukopa inapokaribia kutolewa, nalo ni jambo la kununua motokaa ya kifahari iliyokwisha tumiwa na wengine. Sisemi habari za motokaa za kazi. Nasema zile zenye viti vya ngozi na mlango ufungikao kwa sauti nzito, ambazo tangu utoto tulizoea kuwaona wakubwa wakishuka humo.

Wako wasemao kwamba karani hana haja ya motokaa kama hiyo, na kwamba kuitamani ni majivuno matupu. Mimi si mmoja wao. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi na miwili, ambaye huamka saa kumi alfajiri apate nafasi ya kusimama katika daladala pamoja na watoto wake wa shule, hana kosa akitamani kuketi. Neno langu ni moja tu, nalo ni hili: motokaa ya kifahari inapozeeka, bei ya kuinunua huzeeka pamoja nayo, bali bei ya kuitunza haizeeki. Mwenye duka la vipuri hakuulizi ulinunua kwa kiasi gani. Hukuuzia kipuri cha motokaa ya tajiri, nawe walipa kwa mshahara wa karani.

Nitatoa mfano, na mwenyewe amenipa ruhusa mradi nisimtaje jina. Ndugu yetu mmoja wa ofisi ya jirani alikopa kwa muda wa miezi 36, akanunua motokaa ya Ulaya. Jina la kampuni iliyoiunda na la mtu aliyemwuzia nitayaacha. Miezi minne ya kwanza tulifurahi naye, na jioni alitupakia watu wanne hadi kwetu. Mwezi wa tano taa ya manjano ya injini ikawaka, na fundi wa mtaani akaizima kwa kukata waya. Mwezi wa saba motokaa ikalala upande mmoja kama ngamia apigaye magoti, kwa kuwa haikubebwa na springi bali na mifuko ya hewa, na mfuko mmoja ulikuwa umepasuka. Bei ya mfuko mpya ilikuwa kubwa kuliko mshahara wake wa mwezi mzima. Leo motokaa ile imewekwa juu ya mawe chini ya mwembe. Kila asubuhi huipita akienda kituo cha daladala, na kila mwisho wa mwezi makato ya mkopo wake hukatwa vile vile, hata asibakiwe na kitu ila ile theluthi ya mshahara ambayo taratibu za kazi hazikubali iguswe. Mwaka huu binti yake wa kwanza alirudishwa nyumbani kwa sababu ya ada. Mabwana, hilo ndilo lililonishikisha kalamu.

Basi na tupime mambo moja baada ya jingine, kama tupimavyo hesabu za masijala.

Kwanza, habari ya ushuru, kwa wale watakao kuagiza wenyewe kutoka Japani. Watu wengi hutazama bei iliyoandikwa na muuzaji wa huko, wakadhani hiyo ndiyo bei. Hapa kwetu Tanzania ushuru wa forodha kwa motokaa hizi umekuwa asilimia 25. Ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini iliyozidi sentimita za ujazo 1000 lakini isiyozidi 2000, na asilimia 10 kwa iliyozidi 2000. Tena motokaa iliyopita miaka 8 huongezewa asilimia 15 kwa ajili ya uzee wake, na iliyopita miaka 10 asilimia 30. Kisha juu ya jumla yote huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Tuseme Mamlaka ya Mapato imeithamini motokaa kwa shilingi milioni 10. Ikiwa injini yake ni ya 2500 na umri wake umepita miaka 10, itakuwa milioni 20 na laki sita na nusu kabla hujaipeleka barabarani. Ikiwa ni ya 1800 na haijafika miaka 8, itakuwa kama milioni 15 na laki tano. Tofauti ni zaidi ya milioni 5, wala sijahesabu tozo ndogo ndogo za reli, za bandari na za usajili. Ni kweli kwamba motokaa changa huanza na bei kubwa zaidi. Lakini yafaa mtu ajue ya kwamba ule urahisi wa motokaa kuukuu sehemu yake kubwa huliwa bandarini. Tena viwango hivi hupitiwa kila mwaka katika Sheria ya Fedha, basi uliza kabla hujatuma fedha.

Pili, wako wapendao kununua iliyokwisha kuwapo nchini, nao hujivunia herufi ya namba. Husema, "Hii ni namba E, bado mpya." Ndugu, herufi ile yakuambia siku motokaa iliposajiliwa hapa, haikuambii siku ilipoundwa. Motokaa ya mwaka 2005 yaweza kubeba namba E, na dalali atakuuzia herufi badala ya chuma. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa tuzitazame zenyewe. Ya kwanza katika mioyo ya wengi ni Mercedes-Benz. Sitaki kuidharau. Mwendo wake katika barabara ya Chalinze hadi Segera wakati wa mvua ni wa kutuliza moyo, na mwili wake ni imara. Lakini zile za namna ya E zilizoanza mwaka 2002, ambazo mafundi huziita W211, zilitengenezwa kwa breki ziendeshwazo kwa umeme, ziitwazo SBC. Pampu yake huhesabu kila mara unapokanyaga breki, na hesabu ikitimia motokaa huonya kwamba pampu yataka kubadilishwa. Kampuni yenyewe iliziita nyingi zirudi kutazamwa mwaka 2004, na tena mwaka 2005, na mwaka 2006 ikarudi kwenye breki za desturi. Kwa hiyo mwenye kuitaka na atafute iliyotengenezwa baada ya badiliko hilo. Ndogo yake ya namna ya C, iitwayo W204, iliyouzwa tangu mwaka 2007, haina matata hayo ya breki. Bali nyingi zilizokuja kwetu zina injini ambayo mnyororo wake wa ndani, pamoja na meno yanayoushika, hulika. Ukisikia mlio wa kugongana kwa sekunde chache asubuhi injini ikiwa baridi, funga mkoba wako urudi nyumbani.

Ya pili ni BMW ya namna ya 3, iliyoanza kuuzwa mwaka 2005 kwa jina la E90. Apendaye kuendesha hatapata raha ipitayo hiyo. Walakini injini yake ya 2000 hujulikana kwa kuvuja mafuta, na zikizeeka zile raba za vali hutoa moshi wa buluu baada ya kusimama kidogo kwenye taa za barabarani. Hata betri ukibadilisha, yapasa kompyuta ya motokaa iambiwe kwamba betri ni mpya. Fundi asiye na mashine ya kuiambia atakufanyia kazi nusu, nawe utalipa nzima.

Ya tatu ni Toyota Crown, pamoja na ndugu yake Mark X aliyetoka mwaka 2004. Hizi ndizo nionazo kuwa za kifahari kweli kwa mtu wa kadiri yetu. Viti vyake havina aibu mbele ya vya Ulaya, na nyingi zina injini moja ya 2500 yenye silinda sita, kwa hiyo fundi aliyeizoea moja ameizoea na nyingine, na vipuri hupatikana Gerezani bila kungoja meli. Hasara zake ni tatu. Tumbo lake li karibu na ardhi, na wengi wetu tunakaa mitaa ambayo lami haijafika. Injini ile hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hata masizi yakajikusanya nyuma ya vali na injini ikatetemeka isipotunzwa. Tena hunywa. Tuseme yaenda kilomita 8 kwa lita mjini, na motokaa ndogo yaenda 12: kwa kilomita 1000 za mwezi, ya kwanza hunywa lita 125, ya pili lita 83. Kwa mwaka tofauti ni lita 500. Kila mtu na azidishe kwa bei ya petroli ya kituo chake.

Ya nne ni Toyota Premio, ya 1500, 1800 au 2000, iliyoundwa tangu mwaka 2001 hadi 2021. Najua wako watakaocheka, kwa kuwa imejaa kila barabara. Lakini kule kujaa ndiko sifa yake. Kila fundi aijua, kila duka lina vipuri vyake, na siku ukitaka kuiuza utapata mnunuzi kabla jua halijatua. Ndani yake hakuna aibu: ni pana, ni tulivu, nayo hufika mbali kwa lita chache.

Ama namna ya kuikagua, nitasema kwa ufupi. Nenda asubuhi, umwombe mwenye motokaa asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyopashwa moto huficha maradhi. Geuza ufunguo bila kuwasha uzitazame taa za mbele ya dereva: zote zapasa kuwaka, kisha zizime injini ikikamata. Taa ya injini isiyowaka kabisa si dalili ya afya, bali ni dalili kwamba mtu ameiua. Linganisha idadi ya kilomita na raba ya pedali na ngozi ya usukani, kwa kuwa saa ya kilomita hurudishwa nyuma, lakini raba iliyolika hairudi. Kama imetoka mnadani Japani, omba karatasi ya mnada. Herufi R au RA maana yake iligongwa ikatengenezwa. Namba ya chasisi na ya injini zisomwe pamoja na kadi. Na fundi awe wako, umlipe wewe, wala asiwe yule aliyeletwa na dalali.

Mwisho nitasema yangu. Mkopo wangu ulipokubaliwa nilikwenda kwenye yadi nikaketi ndani ya Mercedes nyeusi muda wa robo saa, na fahari ya macho haifilisi duka. Niliporudi nyumbani nilimweleza mke wangu sifa zake zote. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza neno moja: "Baba Neema, mwezi itakapoharibika, tutakula nini?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nilichukua karatasi nikapiga hesabu, nikaona kwamba kwa Mercedes ningemaliza fedha zote langoni mwa yadi. Kwa Crown ningebakiwa na kidogo. Kwa Premio ya 1800 ningebakiwa na zaidi ya sehemu moja ya tano ya bei, ya kuweka akiba kwa matengenezo. Nikachukua Premio. Sikatai kwamba siku nyingine motokaa nyeusi ikinipita moyo hugeuka. Lakini ada ya watoto imelipwa, na mwezi uliopita, mama yangu alipougua huko Muheza, niliondoka saa nane usiku nikamfikisha hospitali bila kumwomba mtu.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii, na mwenye nyingine iliyo bora na aiandike: asiyeweza kuweka kando sehemu moja ya tano ya bei kabla ya kununua, motokaa ile si yake bado, hata kama mkopo wake umekubaliwa. Mwenye uwezo huo na barabara njema achukue Crown kwa amani. Mwenye uwezo zaidi, na fundi amjuaye, achukue ya Ulaya, nasi tutampongeza.

Tena naomba kamati ya chama chetu ifikiri mambo mawili: kuweka daftari la mafundi walioaminiwa na wanachama, na kutotoa mkopo wa motokaa bila hati ya ukaguzi ya fundi mmoja wao. Gharama ya ukaguzi ni ndogo, na gharama ya kuukosa mmeiona chini ya mwembe.

Ni mimi ndugu yenu,
Karani wa Masijala