Dawa ya Kula Magamba: Tuulize Kwanza



Mwezi uliopita alifika afisini kwetu mfanyabiashara mmoja na chupa ya maji yenye rangi ya chai. Alisema ndani yake mna kimeng'enya kitokacho kwa bakteria wala magamba, na kwamba kinaua kila kijidudu cha mkarafuu, akiwa kuvu au bakteria. Aliwataka wazee wa kamati wafungue sanduku la chama wanunue madumu kumi, na wengine walikwisha kukubali. Mimi nilipinga. Kwa kuwa nasikia inasemwa kuwa katibu anazuia maendeleo, ni haki yenu mjue sababu yangu.

Sikupinga kwa kuwa jambo lenyewe ni uongo. Asili yake ni kweli, na hapo khasa ndipo penye hatari. Gamba la kaa, la kamba na la uduvi, na ganda la panzi pia, yote yana kitu kiitwacho kitini. Ni mnyororo mrefu wa sukari ya namna moja, ulioshikamana hata maji hayauyeyushi. Kuta za mwili wa kuvu nazo zina kitini. Lau wasingekuwapo wa kukila, fukwe zetu zingalijaa magamba mpaka kwenye minazi. Walaji wakubwa ni bakteria: hutoa kimeng'enya kiitwacho kitinesi, kikaukata mnyororo ule vipande vipande, kama mate yanavyokata wanga wa muhogo kinywani, kisha wakaila ile sukari.

Basi ni rahisi kufahamu kwa nini kitinesi humdhuru kuvu: kinambomolea ukuta. Lakini bakteria hawana kitini katika kuta zao. Sasa kitawauaje? Nilimwuliza yule bwana, akacheka, akasema mambo hayo tuwaachie wataalamu.

Wataalamu wana majibu, wala si jibu moja. Mwaka 1922 Alexander Fleming, yule yule aliyegundua penisilini baadaye, alieleza khabari za kimeng'enya kilichomo katika makamasi, machozi na ute wa yai, kinachoyeyusha baadhi ya bakteria. Kikaitwa lisozaimu. Ukuta wa bakteria una minyororo ya sukari mbili zinazopishana, na moja yao ndiyo ile ile ya kitini. Kwa hiyo vimeng'enya hivi viwili kazi yao ni ya jamaa, na baadhi ya vimeng'enya vya kula kitini huweza kuukata ukuta wa bakteria pia. Baadhi, si vyote.

Jibu la pili ndilo lililonifanya niikatae ile chupa. Miongoni mwa walaji hodari wa kitini ni bakteria wa udongoni waitwao Streptomyces, hao wanaoufanya udongo unukie mvua ya kwanza inaponyesha. Katika jamii hiyo ndimo ilimopatikana streptomaisini mwaka 1943, dawa iliyokuja kutibu kifua kikuu. Maana yake, kiumbe mmoja anaweza kutoa kitinesi na huku akitoa sumu ya kuwaua bakteria wenziwe. Ukiyachukua maji aliyolelewa humo, hujayasafisha, ukawadondoshea bakteria wakafa, nani amewaua? Hujui, mpaka kimeng'enya kitengwe peke yake kijaribiwe. Bwana yule hakuwa hata na karatasi moja ya kuonyesha kuwa hayo yamefanywa.

Tena kimeng'enya ni protini. Ute wa yai ukipata moto huganda, na kimeng'enya nacho kikipata joto jingi huharibika. Madumu yale nimeyaona mwenyewe yameanikwa juani gatini kama karafuu.

Na maradhi yetu je? Kufa kwa ghafla kwa mikarafuu kulichunguzwa hapa Zanzibar na Nutman na Roberts katika miaka ya 1950, wakamtia hatiani kuvu aitwaye Valsa. Kitinesi ukikimwaga shinani, vijidudu vya udongo vitakila kabla hakijamfikia adui. Wenzetu wa Sumatra na Java, huko Indonesia, wana balaa jingine: bakteria, Ralstonia syzygii, akaaye katika mishipa ya maji ya mti na kuchukuliwa na wadudu wanyonyao. Huyo kitini hana. Walipoipiga mikarafuu sindano za antibiotiki, kifo kilichelewa tu. Anayesema chupa moja inatibu maradhi yote mawili na amtafute mnunuzi mwengine.

Shauri langu ni jengine, wala halina gharama. Katika miaka ya 1960 wataalamu wa Marekani walichanganya kitini na udongo, wakaona walaji wake wanaongezeka na maradhi ya kuvu wa Fusarium yanapungua. Tuyaoshe magamba yatoke chumvi, tuyatwange, tuyatie katika nusu ya miche ya kitalu chetu, na nusu tuiache kama ilivyo. Tuhesabu inayokufa huku na huku, na hesabu iandikwe kila wiki, maana kumbukumbu ya mwaka juzi ilipotea nusu yake na sitaki kusema kwa mkono wa nani. Mkarafuu uliokwisha kukauka majani hautafufuka kwa njia hii, na tusimdanganye mwenye nao.

Nimekwisha kusema na wavuvi wawili wa bandarini. Magamba watatuwekea bure, ila magunia twende nayo sisi.