Mtoto Niliyemwandika Mtoro

Nilipotoka chuo cha ualimu nilifundisha hesabu katika shule za msingi za Ngara na Biharamulo, hadi nikastaafu nikiwa mwalimu mkuu. Kwa hiyo msomaji asidhani kwamba naogopa takwimu. Ninachopinga ni hesabu iliyoachwa nusu, kisha ikapewa alama ya vema.

Miaka ya 1980 nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la nne mwenye macho ya manjano. Kila baridi ya masika ilipoingia alitoweka kwa wiki nzima au mbili. Katika daftari la mahudhurio nilimwandika mtoro, na siku moja aliporudi nikamchapa. Mama yake alikuja shuleni. Hakugomba. Alinionyesha tu vidole vya mwanawe vilivyovimba. Majirani walisema karogwa. Hospitali ikaja kusema ni selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, ambapo chembe nyekundu hupinda kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mtoto yule alikufa kabla ya kufika darasa la saba.

Baadaye nilisoma jinsi wachumi wa afya wanavyopima maisha. Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1993 ililinganisha magonjwa kwa miaka ya maisha inayopotea kwa kifo na kwa ulemavu. Wazo lenyewe si baya, maana fedha ni chache na lazima tuchague. Lakini katika kipimo kile mwaka wa mtoto mchanga, na hata mwaka wa mzee kama mimi, ulihesabiwa pungufu ya mwaka wa kijana wa miaka 25. Makadirio ya magonjwa duniani yaliyochapishwa mwaka 2012 yaliachana na upunjaji huo. Nawapongeza kwa kujisahihisha, ila swali moja bado wanalikosea: gharama ni ya nani?

Tafiti nyingi huhesabu kwa upande wa serikali au mfuko wa bima: dawa, vipimo, kitanda. Nani anahesabu nauli ya mama anayetoka Ngara, akapita Nyakahura na Lusahunga, kumfikisha mgonjwa wa damu au wa saratani Bugando, Mwanza? Nani anahesabu mbuzi aliyeuzwa, maharage yasiyopaliliwa, na dada wa mgonjwa aliyeacha shule ili alee wadogo zake? Katika karatasi ya mtaalamu vitu hivyo ni sifuri. Nyumbani kwa yule mama ndiyo mali yote.

Wapo watakaoniambia: Mwalimu, tumalize malaria kwanza. Nawajibu kwamba mtoto ni yule yule. Aliyerithi selimundu kwa wazazi wote wawili, malaria humwangusha vibaya kuliko wenzake. Haidroksiurea ni dawa ya vidonge iliyotumika kwa saratani za damu kabla ya kuidhinishwa Marekani kwa selimundu mwaka 1998. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliohusisha watoto zaidi ya 600 wa Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ulionyesha kuwa waliotumia dawa hiyo walipungukiwa na maumivu, kuongezewa damu, vifo, na malaria yenyewe.

Siombi makubwa. Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba mbili za kurekebisha vinasaba vya ugonjwa huu, na moja ilitangazwa kwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Hiyo waachiwe wenye nayo. Inakadiriwa kuwa Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka. Naomba tone la damu ya kisigino lipimwe kabla mtoto hajatoka wodi ya wazazi, na vidonge vile pamoja na kipimo cha kuvifuatilia vipatikane wilayani, si mkoa wa jirani.

Na mtaalamu anayekuja na dodoso lake asianzie dirisha la dawa. Aanzie stendi ya mabasi ya Ngara alfajiri, aulize nauli imetoka wapi. Kisha apite shuleni, aombe daftari la mahudhurio. Humo atakuta siku nyingi zilizopotea ambazo sisi walimu tuliziita utoro. Nami ni mmoja wa walioandika vibaya. Yule mtoto simwezi tena. Waliobaki nawadai wahesabiwe sawasawa.