Mapumziko ya Wavuvi wa Karema: Nani Anayapangia?



Tunapozungumzia malezi katika ukurasa huu huwa tunataja swala, madrasa, mavazi na mahari. Ni mara chache tunapouliza: kijana wetu anapomaliza kazi yake, katika zile saa ambazo hana la kufanya, huwa anakwenda wapi, na ni nani aliyemwandalia pa kwenda? Leo tunaliuliza swali hilo kuhusu Karema, na tunaliuliza kwa wazazi na kwa halmashauri kwa pamoja.

Karema iko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mkoani Katavi, zaidi ya kilomita 100 kutoka mjini Mpanda. Ni mahali ambapo wageni wamekuwa wakipapangia mambo kwa muda mrefu. Mwaka 1879 Wabelgiji wa jumuiya ya Mfalme Leopold walijenga ngome yao hapo. Mwaka 1885 ngome hiyo ikaingia mikononi mwa wamisionari wa Kikatoliki, nao wakauendesha mji kwa kengele na kwa hesabu ya Jumapili. Siku hizi imekuja bandari, iliyojengwa kwa gharama inayokaribia shilingi bilioni 48, ikitazamana na nchi ya Kongo ng'ambo ya maji. Kila aliyekuja alikuja na kalenda yake. Lakini ziwa lina kalenda yake lenyewe, na kalenda hiyo ni ya mwezi mwandamo.

Tufafanue. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, leo nyingi ni taa za betri na za umeme wa jua. Samaki huufuata mwanga juu ya maji meusi, na migebuka huwafuata dagaa. Mwezi unapokuwa mpevu, maji yote yanakuwa na mwanga, na taa ya mvuvi haina tena la kuwaitia samaki. Hapo mitumbwi mingi hupandishwa ufukweni, na kwa takriban juma moja kila mwezi watu hupumzika, wakishona nyavu na kugawana mapato. Kwa hesabu ya mwaka wa Kiislamu ni kama majuma 12. Na msomaji atakuwa amekwishaona kwamba majuma hayo yanazizunguka zile siku za tarehe 13, 14 na 15, siku nyeupe, ambazo Mtume (S.A.W) alitusuniia kuzifunga. Mvuvi Muislamu wa Karema anapata nafasi ya kuzifunga akiwa nchi kavu, bila ya kuvuta nyavu usiku kucha, jambo ambalo ndugu zake wa maofisini hawalipati.

Je, ndivyo nafasi hiyo inavyotumika? Wachache, Allah awalipe, hufanya hivyo. Lakini tuseme kweli. Katika mialo ya nchi hii, kijana mwenye miaka 20, mwenye fedha za mgawo mfukoni, asiye na kazi kwa siku saba na mwenye usiku mweupe kama mchana, hukuta milango mitatu iliyo wazi: kilabu cha pombe, mashine ya kamari ya kutumbukiza sarafu, na nyumba asiyopaswa kuingia. Milango hiyo haina haja ya afisa wa kuiratibu. Wenyewe wanaijua kalenda ya mwezi vizuri kuliko ofisi yoyote, na hujaza bidhaa zao mapema.

Sasa tutazame upande wa serikali. Karema iko chini ya Halmashauri ya Wilaya ya Tanganyika, yenye makao yake Majalila. Halmashauri kama hiyo ina afisa wa utamaduni na michezo, ina maafisa maendeleo ya jamii, na katika kata kuna mtendaji. Hatusemi kwamba watu hawa hawafanyi kazi. Tunasema kwamba kazi yao imefungwa kwenye kalenda nyingine. Mwaka wao wa fedha huanza Julai 1. Mashindano yao makubwa ni ya wanafunzi, UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari, nayo hufanyika katikati ya mwaka. Kwa hiyo anayehudumiwa vizuri ni mtoto aliye darasani. Yule aliyeishia darasa la saba akaingia ziwani, ambaye ndiye mwenye hatari kubwa zaidi, hayumo katika ratiba ya mtu. Na hata bonanza likiandaliwa kwa ajili yake, mara nyingi huwekwa Jumamosi fulani kwa sababu ni Jumamosi, bila ya mtu kuangalia kwamba usiku huo ni wa giza, vijana wote wako majini, na kiwanjani wamebaki watoto na mgeni rasmi.

Mwaka 2024 jambo hili lilipata mtihani wake. Kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka, ili samaki wapate kuzaliana. Sisi hatuipingi hatua hiyo. Kuwaachia viumbe wa Allah nafasi ya kuongezeka ni katika amana tuliyopewa. Mjadala mwingi ulikuwa juu ya kipato: familia zitakula nini, mikopo italipwaje. Na ulistahili kuwa hivyo. Lakini kulikuwa na jambo la pili lililopata maneno machache. Siku 92 za vijana waliozoea kufanya kazi usiku na kulala mchana, ghafla hawana usiku wala mchana wa kazi. Nani aliyekaa mapema akaandika kwenye karatasi jinsi jioni hizo zitakavyotumika? Mavuno ya samaki yalipangiwa mapumziko na mataifa manne. Mapumziko ya mvuvi mwenyewe yaliachwa yajipangie.

Kuna ndugu zetu watakaosema: michezo ni upuuzi, na sheikh hapaswi kuuzungumzia. Tunawaomba watulie kidogo. Katika Sahihi Bukhari na Muslim, Ibn Umar (R.A) amesimulia kwamba Mtume (S.A.W) aliandaa mashindano ya farasi Madina. Waliofunzwa na kukondeshwa kwa ajili ya mbio aliwapangia kutoka Hafyaa hadi Thaniyyatul-Wadaa, na mpokezi mmoja amekadiria masafa hayo kuwa maili tano au sita. Wasiofunzwa aliwapangia kutoka hapo Thaniyya hadi msikiti wa Bani Zurayq, kama maili moja. Ibn Umar mwenyewe, akiwa kijana, alikuwa miongoni mwa waliokimbia. Tuizingatie hadithi hii kwa makini, maana wengi huisoma kwa ajili ya farasi tu. Aliyeandaa ni kiongozi wa mji. Aliweka mahali pa kuanzia na mahali pa kumalizia. Aliwatenganisha wenye mafunzo na wasio na mafunzo, ili asiwepo anayeshindwa kabla ya kuanza. Na mstari mmoja wa mwisho aliuweka penye msikiti. Hii ndiyo kazi tunayoiita leo uratibu wa michezo, na haikuachiwa soko.

Vilevile Wahabeshi walipocheza na mikuki yao msikitini siku ya Idi, Mtume (S.A.W) aliwaacha, na Bibi Aisha (R.A) akatazama kutoka nyuma yake. Umar (R.A) alitaka kuwazuia, na Mtume (S.A.W) akamwambia awaache.

Lakini hapa pana jambo moja ambalo familia zetu zinapaswa kuliangalia, nalo ni zawadi. Mitaani kuna ligi maarufu za mbuzi na za ng'ombe. Kila timu hutoa kiingilio, fedha zikikusanywa hununuliwa mnyama, na mshindi humchukua. Watu huona ni furaha tu. Ukiliangalia kwa jicho la fiqhi, kila timu imeweka mali yake ikiwa na tamaa ya kuchukua ya wenzake au hofu ya kupoteza yake, na hiyo ndiyo sura ya kamari ambayo wanazuoni wameikataza. Ama mshindani asipotoa kitu, zawadi ikatolewa na kiongozi au mtu wa nje, hukumu yake ni nyingine. Wanazuoni wamekhitalifiana juu ya aina ya michezo inayofaa kuwekewa zawadi, lakini mlango wake ni mpana zaidi. Kwa hiyo halmashauri, au mfanyabiashara wa dagaa, akimnunua mbuzi huyo mwenyewe, na kiingilio kidogo cha timu kikatumika kwa mipira, waamuzi na dawa za huduma ya kwanza, ligi ile ile inasafika. Ni tofauti ya mstari mmoja kwenye karatasi ya kanuni, na hatuoni kwa nini Mkristo au Muislamu aikatae.

Wakati nao hauna tatizo. Jua la Karema huzama kama nusu saa nzima baada ya jua la Dar es Salaam, karibu na saa 1. Baina ya swala ya Alasiri na adhana ya Magharibi mna zaidi ya saa mbili. Mechi ya dakika 90 inaingia humo, na mchezaji akapata hata muda wa kuoga.

Lenye uzito zaidi ni kiwanja. Bandari huleta wenye maghala, wenye nyumba za wageni na wenye vituo vya mafuta, na wote hutaka ardhi tambarare iliyo karibu na barabara na maji. Kiwanja cha mpira ni ardhi tambarare iliyo karibu na barabara na maji. Kama hakikupimwa na kuandikwa, siku moja watoto watakuja wakute mawe ya msingi. Tumeyaona haya katika miji mingi, na hakuna mji uliofanikiwa kukirudisha kiwanja kirahisi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi ya matumizi ya pamoja, kwa idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Na Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mita hizo hazijengwi nyumba, lakini mtu hakatazwi kutembea na familia yake hapo jioni, wala watoto kufukuzana. Tukumbuke pia kwamba ziwa hili halikai mahali pamoja. Ngome ya mwaka 1879 ilijengwa karibu na maji, kisha maji yakarudi nyuma yakaiacha mbali. Katika miaka ya karibuni yamepanda tena. Anayejenga hadi kwenye mchanga hujenga juu ya sehemu ambayo ziwa linaweza kuirudia.

Fedha zitatoka wapi? Katika wilaya hiyo hiyo, vijiji vinane vinavyoihifadhi misitu ya Ntakata vinapata mabilioni ya shilingi kwa biashara ya hewa ukaa, na mikutano ya vijiji ndiyo inayojadili matumizi: zahanati, madarasa, bima ya afya. Karema si miongoni mwa vijiji hivyo, nasi hatusemi igawiwe. Tunataka kuonyesha kwamba wananchi wa wilaya hii wameshazoea kupanga. Na mpango tunaouzungumzia ni mdogo. Kiwanja ni ardhi iliyopo. Magoli ni miti. Gharama kubwa ni ya mtu wa kuandika ratiba na kuifuata.

Tusiwasahau kina mama na mabinti. Katika siku za giza wao huanika dagaa tangu alfajiri, na jioni wana jiko. Mbalamwezi ikifika, uanikaji nao hupungua. Hapo ndipo afisa maendeleo ya jamii angewapata kwa kisomo, kwa kliniki, na kwa kuunda vikundi vya ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ambayo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, kwa sheria haina riba, na Muislamu anayeiogopa riba anapaswa kulijua hilo. Mabinti nao wana haki ya mchezo. Netiboli katika uwanja wa shule wenye uzio, kwa saa yao peke yao na mavazi ya stara, haihitaji bajeti. Inahitaji mwalimu mkuu akubali kutoa ufunguo.

Kwa hiyo pendekezo letu ni hili. Kamati ya wavuvi ya mwalo, ile inayosimamia rasilimali za uvuvi, ikae na mtendaji wa kata, imamu na padri, wachukue kalenda ya mwezi mwandamo na kuzitia alama siku za mbalamwezi za mwaka mzima. Karatasi hiyo ipelekwe Majalila, na afisa michezo apange ligi, waganga wapange upimaji, walimu wapange kisomo cha watu wazima, vyote ndani ya siku hizo. Uvuvi ukifungwa tena kwa miezi mitatu, ratiba iwe tayari kabla ya siku ya kwanza. Madiwani huijadili bajeti mwanzoni mwa mwaka, na maombi ya vijiji hutakiwa yawe yamekwishapita kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata kabla ya hapo. Kijiji kitakachongoja Mei kitangoja mwaka mwingine. Mkutano mkuu wa kijiji hutakiwa kukutana kila baada ya miezi mitatu, na mzazi yeyote ana haki ya kunyoosha mkono na kuuliza kama kiwanja kimepimwa.